Sista wa Bergamo

Pudsey, 12 Machi 2018

Mwanangu Russell,

Salamu kwako, kwa Solène na kwa mjukuu wangu Maëlle. Najua ungependa nipige simu. Sipigi ng'o. Kwenye simu unasema "sawa Mama, sawa Mama," halafu laini inakatika yenyewe kila nikifika penye utamu. Barua huwezi kunikatia.

Tumerudi jana kutoka Italia, mimi na Thelma. Tiketi ilikuwa bei ya samaki na chipsi, nakuapia, ila ukitaka begi unalipa, ukitaka kukaa karibu na mwenzio unalipa, na wakipata namna watatulipisha hata pumzi. Mimi siwapi hata senti. Nilivaa nguo zangu zote mwilini: sketi mbili, sweta tatu, koti la mvua juu yake, na mifukoni mswaki na chupi. Thelma alivaa buti za kupandia milima kwa sababu hazikuingia kwenye mkoba. Kijana wa getini akanitazama, akasema, "Vipi, mama, unasikia baridi?" Nikamwambia, "Mimi mtu wa Yorkshire, hili ndilo umbo langu." Thelma akacheka mpaka akapaliwa. Kwenye ndege akatupwa nyuma kabisa, mlangoni mwa choo, mimi mbele kule, na safari nzima tukawa tunapungiana mikono juu ya vichwa vya watu.

Gari la kukodi lilikuwa jeupe, dogo, limekwaruzwa kila mahali na waliotutangulia. Kazi ya Thelma ni kupiga picha kila mkwaruzo kabla hatujawasha injini, maana wale wa kaunta wakikukuta huna picha utalipia makosa ya Ulaya nzima. Kazi nyingine ya Thelma ni ramani. Kazi yangu ni usukani. Bado mkono wangu unaenda kutafuta gia mlangoni, lakini nimeanza kuzoea kushika kulia. Kipilefti cha kwanza nilizunguka mara tatu nikiogopa kutoka. Thelma akasema kama nimepapenda basi tushuke tupange chumba.

Sasa cheka. Bergamo, nateremka kutoka ule mji wa juu, natafuta breki, mguu unapata klachi. Mbele yangu kwenye kivuko, sista! Mtawa mzima, na shela lake kichwani na kapu la vitunguu. Aliruka, Russell, sijawahi kuona mwanamke wa umri ule akiruka hivyo. Vitunguu vikashika njia kuelekea bondeni. Akageuka akanionyesha kidole ambacho sidhani kinaruhusiwa kwenye nyumba za watawa.

Baba yako, Mungu amrehemu, alinipeleka Scarborough kila kiangazi cha ndoa yetu, hoteli ileile, meza ileile. Ningejua kwamba Milano iko karibu hivi ningemwacha Scarborough na gazeti lake.

Nauliza tu: basi la kwenda kwenu huko Ufaransa halijawekwa bado?

Mama yako,
Mavis

~

Vergnolles, 20 Aprili 2018

Mama mpendwa,

Nimepata barua. Samahani kuchelewa, kazi zimenibana, nyumba za kuuza ni nyingi na wanunuzi wanataka kutembezwa Jumamosi.

Kusema kweli, habari ya yule mtawa haikunichekesha. Una miaka sabini na tatu. Ungeua mtu. Ungejiua. Thelma naye ni mtu mzima, sijui kwa nini anakupa kichwa. Kwa nini msipande magari ya watalii na wenzenu wa umri wenu, mkae, mletewe chai?

Kuhusu kuja huku, Mama, tumeshazungumza. Ndege inatua Limoges, na kutoka Limoges hadi hapa hakuna basi wala treni. Ni barabara za msituni, nyembamba. Mimi Jumamosi sipo, na Solène haendeshi mbali. Tena kiangazi hiki tunabomoa paa. Labda mwakani sisi tuje Pudsey.

Maëlle ameng'oka meno mawili ya mbele. Anakusalimu.

Wako,
Russell

~

Pudsey, 15 Oktoba 2018

Mwanangu Russell,

Paa limeisha? Vizuri. Maana mwaka jana ilikuwa sakafu na mwaka juzi bomba.

Tumetoka Girona. Kabla yake tulikuwa Porto, na kabla ya Porto Beauvais, ambako ndege inakushusha shambani, kisha wanaapa kwamba uko Paris. Niliendesha mpaka Paris yenyewe. Nimelizunguka lile lango lao kubwa lenye barabara kumi na mbili, mchana kweupe, na pikipiki zinanipigia honi, na Thelma amefumba macho anasali, yeye ambaye kanisani huenda kwa ajili ya keki. Nilipotoka upande wa pili bila mkwaruzo nililia kidogo. Thelma akasema, "Haya, shoga, umehitimu."

Umewahi kujiuliza, Russell, mwanamke wa Pudsey anatafuta nini huko kote? Nakwambia sasa. Uliponiandikia mara ya kwanza kwamba hakuna basi, nililia siku moja, halafu nikasema: haidhuru, nitajifunza kushika kulia. Sikutaka kuanza na barabara za msituni za kwenu nikaishia mtaroni mbele ya wakwe zako. Nikasema nianze na miji, miji ina hospitali. Miji yote ile, mwanangu, ilikuwa mazoezi. Nilikuwa nakuja kwako.

Tiketi nimekata. Mimi na Thelma, Limoges, wiki ya Pasaka. Usijisumbue kunipokea. Nitakodi gari uwanjani na nitapiga honi mlangoni kwako. Thelma atalala hotelini, hataki kuwabana.

Lazima iwe Pasaka hii. Mwezi wa tano natimiza sabini na tano, na wale wa magari ya kukodi huko kwenu wakiona sabini na tano wanafunga dirisha. Nimepiga simu kwa wote. Hakuna hata mmoja aliyekubali.

Na usiwe na wasiwasi kuhusu wazazi wa Solène. Najua uliwaambia mimi ni mwalimu. Kwenye harusi, yule daktari baba mkwe wako aliponiuliza nafundisha nini, nikamjibu nafundisha mchuzi kukaa juu ya viazi, sikujua kama ungeona haya kiasi kile. Miaka thelathini nimepakua chakula cha shule na kilichokulea wewe ni mwiko ule. Lakini safari hii wakiniuliza nitasema hali ya hewa ni nzuri, basi.

Nimemfumia Maëlle sweta la njano. Nitalivaa mimi juu ya zangu kupita getini, kama litanitosha mkono mmoja.

Mama,
Mavis

~

Vergnolles, 6 Novemba 2018

Mama mpendwa,

Umetushtua kwa furaha! Tutaona mambo yanakwendaje, Pasaka bado mbali.

Niambie kidogo. Leseni yako inaisha lini? Siku hizi nasikia wamekuwa wakali kwa wenye umri mkubwa, inabidi kujaza fomu upya. Huna tatizo lolote la macho? Na yule mtawa aliyekuwa kwenye kivuko, ilikuwa Girona au Bergamo? Nilitaka kumsimulia Solène nikakwama.

Jitunze na baridi.

Wako,
Russell

~

(Postikadi)

Pudsey, 14 Novemba 2018

Bergamo, mwanangu, Bergamo! Na usisahau vitunguu, ndiyo utamu wenyewe. Nimefurahi mno kwamba umeikumbuka. Nilidhani ulinikasirikia. Leseni bado ina mwaka mzima na zaidi kabla ya kuisha. Macho yangu yanaona mpaka unga ulioko kwenye sharubu za Thelma. Mwambie Solène hadithi nyingine nitamletea mwenyewe.

Mama

~

Pudsey, 17 Januari 2019

Russell,

Naandika kwa haraka, nisamehe mwandiko.

Imekuja barua kutoka ofisi ya leseni. Wanasema kuna mtu amewaarifu kwamba mimi si salama barabarani. Mtu! Hawasemi nani, wanasema wanamlinda. Leseni yangu imezuiliwa mpaka nipimwe na daktari wao, na miadi ya daktari wao ni mwezi wa tatu mwishoni, na baada ya hapo wanataka wiki nyingi tena za kufikiria. Mpaka wamalize kufikiria nitakuwa nimeshatimiza sabini na tano. Pasaka imekwenda, mwanangu. Si Pasaka hii tu. Zote.

Nimekaa jikoni siku mbili nikiwaza ni nani. Ni nani anayejua ninavyoendesha? Baba yako yuko makaburini. Jirani ananiona nikienda dukani na kurudi. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa ndani ya gari, Russell. Beauvais, Porto, Bergamo, Girona, kila kona. Aliyefumba macho akasali.

Nilimwendea jana. Alifungua mlango ana aproni, anapika maandazi, akasema, "Ingia, birika liko motoni." Nikamwambia sitaingia nyumbani kwa mchongezi. Akauliza, "Nimekuchongea kwa nani?" Nikamwambia, "Usijitie hujui. Unaogopa kwenda, si ungesema tu, kwa nini kunikata miguu mgongoni kwangu?" Nimefanya naye kazi miaka yote ile, tumezika waume zetu pamoja. Akasimama tu na mikono yake yenye unga. Hakujibu neno. Asiye na kosa angejibu, au siyo?

Nina wewe tu sasa. Niandikie haraka.

Mama

~

(Barua ya mkono, imepitishwa chini ya mlango)

Pudsey, 2 Februari

Mavis,

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza. Naona ukimya wangu umeufanya ushahidi, na mtaani wameshaanza kunikodolea macho kwenye duka la nyama, kwa hiyo soma.

Mimi sina gari, sijui kuendesha, na sina kingine cha kufanya duniani ila kukaa kiti cha kushoto kwako huku na cha kulia huko nikiangalia ramani. Safari zile ndizo zilizonitoa kitandani tangu Harold wangu afe. Nikuchongee ili iweje? Nibaki nikitazama ukuta?

Nilifumba macho Paris kwa sababu naogopa pikipiki. Sikuwahi kukuogopa wewe. Sasa nakuogopa. Ulisimama mlangoni kwangu ukanitukana na majirani wanasikia, na hukunipa hata nafasi ya kufuta mikono.

Binti yangu ananiita Exeter kila mwaka nikae naye, na kila mwaka nakataa kwa ajili yako. Safari hii nimekubali. Nyumba nimewapa watu wa mauzo. Usije kuniaga.

Thelma Sugden

~

Vergnolles, 19 Februari 2019

Mama mpendwa,

Pole sana. Nimesikitika. Lakini jaribu kuona upande wa pili: pengine aliyefanya hivyo alikupenda. Thelma ni rafiki wa kweli kwa namna yake, na nia yake huenda ilikuwa njema. Ningekuwa wewe nisingemlaumu sana, wala nisingechimba. Ukishajua utapata faida gani?

Umezunguka vya kutosha, Mama. Umeona miji ambayo watu wa mtaani kwenu hawataiona. Sasa pumzika. Pasaka sisi tutakuwa wenyewe tu, kimya kimya, hutakosa chochote. Nitakutumia picha.

Wako daima,
Russell

~

Pudsey, 28 Machi 2019

Thelma,

Watu wa mauzo wamekataa kunipa anwani yako, nimeipata kwa mwenye duka la nyama, na nimeipata kwa kulia mbele ya soseji zake. Usiitupe hii kabla hujaimaliza.

Jana nilikwenda kwa daktari wa leseni. Nimesoma herufi zote mpaka zile za chini zinazotengenezwa kwa ajili ya kunguru. Shingo inageuka, miguu inakanyaga, kichwa hakijavurugika. Daktari mwenyewe, kijana mpole, akasema sioni shida, bibi. Halafu akafungua faili lake akasema, "Ila hili lazima nikuulize. Imeripotiwa kwamba ulikaribia kumgonga mtawa kwenye kivuko, huko Bergamo."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mtawa, kivuko, Bergamo. Vitunguu havikutajwa.

Thelma, wewe ulikuwa kiti cha pembeni. Unakumbuka Bergamo? Tuliteremka mlima taratibu, nikagusa klachi badala ya breki, gari likarukaruka, likasimama. Kivuko kilikuwa kitupu. Hakukuwa na mtu hata mmoja, ila njiwa. Wewe ukasema, "Mavis, umemtia njiwa presha." Yule sista nilimtunga mimi, mezani, usiku ule ninaandika barua. Sikuwahi kukusimulia hata wewe, maana ungesema sikumwona sista yeyote. Nilimtungia mtu mmoja tu duniani.

Nilikaa kwenye kiti cha daktari akaniletea maji.

Kosa nililokufanyia halina dawa, najua. Nilikuhukumu kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini wewe ndiye. Ningeamini lolote kabla ya kuamini ni yeye. Njoo unitukane, Thelma. Njoo usimame mlangoni kwangu upige kelele mpaka mtaa mzima utoke. Nitakuwekea kiti.

Leseni wanasema itarudi mwezi wa sita. Wale wa kukodisha watakuwa wameshafunga dirisha.

Mavis

~

Exeter, 8 Aprili 2019

Mavis,

Nimeisoma mara mbili. Binti yangu alitaka niichome.

Kukutukana sina nguvu. Nimeuza nyumba niliyoingia nikiwa bibi harusi, na hapa nalala chumba chenye baiskeli za wajukuu, na chai yao haina rangi. Hayo umeyafanya wewe. Nakuelewa, lakini kukuelewa hakunirudishii mlango wangu. Labda mwaka mwingine. Sasa hivi siwezi, na usiniandikie tena mpaka nianze mimi.

Lakini kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na kwa kuwa umeshajua yeye ni mtu wa namna gani, nalitua.

Basi lipo.

Mimi ndiye mtu wa ramani, Mavis. Ulipoanza habari za Limoges, kabla hata hatujaenda mji wa kwanza, nilikwenda maktaba nikamwomba binti wa pale aniangalizie kwenye kompyuta. Kuna basi kutoka stesheni ya Limoges mpaka Vergnolles na kupita. Linakwenda asubuhi, linarudi jioni, isipokuwa Jumapili. Limekuwepo tangu kabla mwanao hajahamia huko. Linasimama kanisani, na kwa anwani aliyokupa, nyumba yake inatazamana na kanisa.

Nilitaka kukwambia siku ileile. Nikakukuta umeshanunua kitabu cha alama za barabarani, umekiegesha kwenye bakuli la sukari, unasoma huku unakula, uso wako umechangamka vile sijauona tangu msiba wa mumeo. Ningekwambia basi lipo, ungejua amekudanganya. Nikanyamaza. Nikasema aendeshe, akifika amefika, hatahitaji kujua. Na mimi, nisiwe mnafiki, nilitaka kuiona Porto.

Ndiyo hayo. Tiketi yangu ya Pasaka sitaitumia. Kubadilisha jina ni ghali kuliko tiketi yenyewe, kwa hiyo kiti kiache kiruke kitupu.

Thelma

~

Limoges, Jumamosi kabla ya Pasaka, 20 Aprili 2019

Russell,

Naandika nikiwa hotelini karibu na stesheni. Chumba ni kidogo lakini dirisha linafunguka. Kesho asubuhi ndege inanirudisha, kwa hiyo usiwashe gari, hutanikuta.

Nilikuja juzi na nguo zangu zote mwilini kama kawaida. Safari hii kwa mara ya kwanza ile mashine yao ilinipa kiti cha pembeni ya Thelma. Miaka yote tumekataa kulipia viti wakatutawanya, na siku ambayo hayupo ndipo wakatuweka pamoja. Mhudumu aliniuliza kama mwenzangu amechelewa. Nikasema ndiyo.

Sikukodi gari. Kwenye kaunta ya magari nilipita nikawasalimia tu.

Leo asubuhi nilikwenda stesheni nikaonyesha karatasi niliyoandika VERGNOLLES kwa herufi kubwa, na mama mmoja wa usafi akanishika mkono akanipeleka mpaka mlangoni pa basi. Ni basi zuri, Russell. Lina viti vya bluu. Barabara si nyembamba, malori mawili yanapishana. Kuna msitu kidogo, kisha ng'ombe wa kahawia wengi, na njia nzima mteremko ni wa kawaida ambao ningeuendesha nikiimba. Nilikuwa na keki ya tangawizi mapajani, ile uipendayo, na sweta la njano. Sikuja kugombana. Nakuapia kwa kaburi la baba yako, nilikuja nikiwa nimeshakutafutia sababu. Nilisema aliogopa ningekufa barabarani. Nilisema mtoto akiogopa hufanya mambo ya kijinga, na mimi nikifika kwa basi, mzima, ataona haya kidogo, tutakunywa chai.

Basi likasimama kanisani. Nyumba yako ina madirisha ya kijani, hukuwahi kuniambia. Nje mmetandika meza ndefu, kitambaa cheupe. Niliwaona wote. Daktari, mama mkwe wako anakata nyama, kaka zake Solène na wake zao na watoto wao, na wale sijui majirani. "Wenyewe tu, kimya kimya." Wewe ulitoka jikoni umebeba bakuli, ukasema kitu, meza nzima ikaangua kicheko. Umenenepa kidogo, inakupendeza. Sikujua kwamba wewe ni mtu wa kuchekesha watu. Kwangu hujawahi.

Dereva alizima injini akageuka kunitazama, maana nilikuwa nimemwonyesha karatasi yangu. Akanionyesha mlango kwa mkono. Nilisimama. Begi lilikuwa begani tayari. Nikatazama vile viti, Russell, na kila kiti kilikuwa na mtu wake, na hakuna aliyekuwa akitazama barabara. Nikawaza nikishuka nini kitatokea kwenye uso wako. Nimekuzaa, najua nyuso zako zote, na ule nisingeweza kuuona nikaendelea kuishi vizuri. Nikamwambia dereva hapana, twende.

Wakati basi linaondoka Maëlle alikuwa amepanda ukutani. Amekuwa mrefu. Akapunga mkono. Watoto hupungia kila basi, najua hilo, nimekaa na watoto miaka thelathini. Nami nikampungia mpaka tukakata kona.

Nilikwenda hadi mwisho wa njia. Dereva ana mapumziko marefu pale, tukakaa kwenye benchi, nikampa keki. Alikula vipande vinne akanibusu mashavu yote mawili. Wakati wa kurudi, jioni, meza ilikuwa imeshaondolewa. Sweta nimempa yule mama wa usafi, ana mjukuu.

Sasa sikiliza, maana barua huwezi kunikatia. Nilikosana na Thelma kwa ajili yako. Nilimwita mchongezi mbele ya watu, ameuza nyumba, amenikataza kumwandikia, na pengine tutakufa hivi. Wewe ulijua. Nilikuandikia ni yeye, nawe ukakaa na barua yangu mkononi, ukanijibu kwamba nia yake huenda ilikuwa njema. Kuninyima leseni ningekusamehe, mwanangu. Hata basi ningekusamehe. Lakini ulinitazama nikimtupa rafiki yangu wa pekee, ukaniacha.

Huhitaji kuja Pudsey na maelezo. Huhitaji kunitumia picha. Ukitaka kunitembelea ndege zipo, ni rahisi kuliko samaki na chipsi, na kutoka uwanja wa ndege mpaka kwangu basi lipo, sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba halipo.

Na jambo moja la mwisho, ili uache kuwapa watu kazi kwenye maofisi. Bergamo hakukuwa na sista. Kivuko kilikuwa kitupu. Nilimtunga, na kapu lake, na vitunguu vyake, nikakesha nikimpamba, kwa sababu miaka yote hujawahi kujibu barua zangu ukicheka, na mimi nilitaka ucheke.

Mavis